Asubuhi Iliyotiwa Dawa

Jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Sidonie alikuwa tayari ziwani, maji yakimfika magotini, akiinamisha bidoni yake, dumu la plastiki la njano, ili maji yaingie polepole. Hakuyavuruga. Mama yake alimfundisha hivyo tangu utoto: maji yaliyolala usiku kucha yametulia, uchafu umekwenda chini, na anayechota wa kwanza anachota safi. Akina mama wote wa ufuko wa Uvira wanaamini hivyo. Ndiyo maana wanasukumana kuwahi.

Maji yalipojaa, asubuhi nayo ikaingia. Iliingia mwisho, kama kawaida yake, kwa mlio mdogo, na plastiki ikawaka rangi ya papai bivu. Sidonie akasema, "Aksanti Yezu, umenipa ingine," akakaza kifuniko, akajitwika, akaanza kupanda gizani kuelekea mtaani kwake Rugenge.

Ng'ambo ya ziwa, jua lilipanda lenyewe juu ya milima ya Burundi. Mtaa wa Sidonie ulikuwa unabebewa asubuhi kichwani. Ilianza mwaka ule ziwa lilipofura likameza nyumba za chini. Watu wengi waliacha kushukuru wakiamka, na mtu akiwauliza walijibu, washukuru nini? Sidonie hakuacha. Siku moja akakuta bidoni ni nzito kuliko maji, akaimimina kwenye beseni uani, na kukapambazuka mpaka barabara kubwa. Majirani walitoka, wakapiga mswaki, wakaenda kazini. Kilichowasumbua ni saa tu.

"Mama Divine, weye leo umechelewa!" Feza wa nyumba ya pili alimpigia Sidonie kelele, ufagio mkononi. "Batoto wanavaa viatu mu giza. Wa kwangu ameenda na vya baba yake."

"Basi leo atatembea kama mutu mukubwa."

Hakuna aliyeuliza kwa nini shingo ya mwanamke ndiyo iwe njia ya maji na ya mwanga. Robine ya mtaa, bomba la maji, ilikuwepo. Ilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, ikatoa maji mpaka hotuba ilipokwisha, na tangu hapo inatoa hewa. Mara nyingine wanakuja kuipaka rangi. Papa Ngongo, shefu wa avenyi, mkuu wa mtaa huo, aliwaeleza wakubwa kwamba watu wake wanapata hata asubuhi bila robine, kwa hiyo hakuna haraka.

Ufukoni alisimama Gracien, mfanyakazi wa kujitolea, na sindano isiyo na ncha na chupa ya dawa ya kusafisha maji. Kila bidoni aliyosogezewa aliitia dawa, bure. Waliochota wa kwanza walimpita wakisema yao ni safi, na ya Sidonie hakuigusa.

"Mama, dawa."

"Ya minye hapana. Iko na asubuhi ndani. Dawa inaua vyenye uhai. Ukiweka, itakufa mu njia."

"Na vile vingine vyenye uhai, vyenye viko mu maji?"

"Nimeshaviombea."

Gracien akageukia bidoni iliyofuata.

Kila siku, kabla ya kumimina, Sidonie alimpa binti yake Divine kikombe cha kwanza, mwanga uanzie kwake. Mtoto alikunywa, akashukuru, midomo iking'aa mpaka saa ya shule.

Ndipo siku moja Sidonie aliporudi kutoka ziwani, alimkuta Divine chini, penye mlango wa choo. Alikuwa anaharisha maji meupe, kama maji ya kuoshea mchele. Vidole vyake vimekunjamana, macho yameingia ndani. Uvira hakuna mama asiyejua maana yake: kipindupindu. Sidonie hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akabeba bidoni, akasimamisha pikipiki.

"Mama, njia iko na mashimo, na taa yangu imekufa," alisema Abdoul-Karim, mwenye pikipiki.

Sidonie akafungua kifuniko, asubuhi ikamwagika mbele ya gurudumu. "Twende."

"Mama Divine!" Feza alipiga kelele nyuma yao. "Na siye?"

"Mutangoja!"

Katika kituo cha wagonjwa muuguzi alimtundikia mtoto maji ya mshipa, kisha akaitazama ile bidoni.

"Mulitia dawa?"

"Hapana."

Muuguzi hakumgombeza. Aliiweka dirishani, na vitandani kukapambazuka. Ndipo Sidonie akawaona akina mama wenzake, kila mmoja na mwanawe. Aliwafahamu wote. Ni wale wa kuchota wa kwanza. Rugenge ilibaki gizani siku hiyo, na Feza aliuza mandazi yake kwa tochi.

Divine akapona, akaanza kudai mandazi. Kitanda cha jirani yake kilioshwa, godoro likasimamishwa juani, na mama wa mtoto yule akarudi nyumbani peke yake.

Asubuhi iliyofuata Sidonie alijaza bidoni, akamsogezea Gracien, akaangalia pembeni. Dawa ikaingia. Ndani kukasikika kitu kinakohoa. Kikakohoa tena, kikatulia, na plastiki ikaendelea kuwaka.

"Iko nzima," alisema Gracien.

"Aksanti Yezu," alisema Sidonie. Na kwa Gracien akaongeza, "Na weye pia."

Dawa inataka nusu saa kabla ya maji kunywewa. Sidonie akaona kwamba ikiwa maji yanangoja, asubuhi nayo itangoja. Tangu siku hiyo kwao kunapambazuka baada ya Uvira yote, na hewa ina harufu ya sakafu ya hospitali. Papa Ngongo mwenyewe akaja kwake.

"Mama Divine, watu wanalalamika. Asubuhi inachelewa, na inanuka."

"Fungulieni watu robine."

"Robine iko mu programu."

"Basi wanuse."

Papa Ngongo alisonya, akatafuta njia ya kurudi kwake gizani. Uani akina mama walikuwa wamekusanyika na mabidoni yao, wakinong'ona na kusukumana. Mmoja akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Sidonie akaikalia bidoni yake kama kiti, mwanga ukimpita kwenye visigino, na akaanza kuwataja mmoja mmoja, kwa sauti, watoto wote wa mtaa walioamka leo. Kila jina akalitolea aksanti. Hakuinuka mpaka nusu saa ilipotimia.