Makala ya Naomie

Chimène aligonga kipande cha makala, mkaa mweusi, kwa ukucha, akasikiliza. Kililia kama sahani, akakiweka kando. Kilichofuata kilitoa sauti butu, akakitupa.

Naomie, mdogo wake, alikuwa ndani, kwenye sanduku la mbao, tangu juzi. Malaria ilimmaliza hapa Kasongo, alikokuja kumsaidia dada yake kuchoma makala ya maganda ya mchikichi. Mama yao alituma ujumbe kutoka Wamaza: mtoto azikwe nyumbani. Lakini mvua ilikuwa imebomoa daraja, na njia ilifunguka leo asubuhi tu.

Kamaldine, mwenye pikipiki, alisimama mlangoni na kitambaa puani.

"Mama, sikatali maiti," alisema. "Ninakatala arufu. Vijiji viko vingi mu njia, watu watatufukuza."

Chimène alimwomba arudi saa nne.

Alikaanga makala kwenye sufuria kavu mpaka mvuke ukakoma. Miaka kumi ya kazi ilimfundisha kwamba makala yakilala nje hunywa unyevu, na yakishashiba maji hayapokei kitu kingine, hata harufu. Akayaponda, akayaacha yapoe kidogo, akayashonea vifuko vya shuka kuukuu. Akavipanga sandukuni kumzunguka Naomie, kichwani, mbavuni, miguuni, akivibana vizuri, kama anayemjazia mteja gunia. Majirani walinong'ona kwamba halii. Hata yeye alijisikiliza, hakusikia kitu.

Kamaldine aliporudi, alishusha kitambaa na kuvuta hewa.  Akafunga sanduku nyuma ya kiti kwa kamba za mpira.

Walilala njiani mara moja. Chimène alikaa kati ya Kamaldine na sanduku, na kila shimo la barabara lilimgongesha mgongo kwenye mbao. Katika vijiji watu waliwapungia mkono tu, wakidhani ni mzigo wa soko.

Huko Wamaza, mama yao aliomba sanduku lifunguliwe. Alipiga magoti, akauzamisha uso kwenye kitenge kilichomfunika bintiye. Alivuta hewa, akavuta tena. Naomie alikuwa akijipaka mafuta ya mise, yale mazito ya kokwa za mchikichi, tangu utotoni. Nyumba nzima ilijua anapoingia, kwa harufu yake.

"Hata yake haiko," mama alisema polepole. "Arufu ya mutoto wangu. Umeipeleka wapi?"

 Chimène alichomoa kifuko kimoja ubavuni mwa marehemu, akampa. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakipakata, na vumbi jeusi likaanza kuchujika taratibu kwenye mapaja yake.