Alhamisi ya Gari

Mwanahamisi alikuwa ameketi kwenye baraza ya jiko akichambua sombe, majani ya muhogo, lakini masikio yake yote mawili yalikuwa uani. Huko Safi, mke mdogo, alikuwa ameinamia injini ya ile Peugeot kongwe, kapo, kifuniko cha injini, imeinuliwa juu ya kichwa chake. Mume wao Tambwe alisimama kando yake akimwelekeza kwa kidole. Mara Tambwe akasema neno, Safi akacheka. Mwanahamisi alipotazama mkononi aliona majani ya sombe yamekwisha kusagika kabla hayajaonja kinu.

Alikuwa na wivu. Tuseme hivyo tangu sasa, tusimzunguke mama wa watu. Wivu wa usiku alikwisha kuuzoea, akaumaliza zamani, maana ukiolewa wa kwanza unajua huenda usiwe wa mwisho. Huu wa leo ulikuwa mwingine kabisa, na ubaya wake ni kwamba aliuleta yeye mwenyewe.

Tambwe alikuwa dereva wa Mgiriki mmoja mwenye duka karibu na stesheni ya reli ya Kindu. Serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwapa wananchi, Mgiriki alifunga masanduku yake, akamwachia dereva gari ambalo hata siku hizo lilikuwa limezeeka. Watu wa mtaa wa Kasuku wakasema halitamaliza mvua ile. Mvua zikaja zikapita, magari mapya ya wakubwa wa chama yakafia njiani moja baada ya jingine, na Peugeot ikabaki inang'aa uani kwa Tambwe. Sifa zote alipewa yeye, naye alizipokea vizuri tu, ingawa vidole vyake vilikwisha kupindwa na ugonjwa wa viungo, visiweze tena kushika hata parafujo. Usukani aliuweza. Kazi nyingine yote ilifanywa na mikono ya Mwanahamisi.

Kila Alhamisi asubuhi alifunga kitambaa kichwani, akaingia kazini. Vichwa vya betri alivisugua kwa maji ya moto, akavikausha, akavipaka mafuta mazito visiote ule unga wa kijani. Buji, zile zinazotoa cheche, alizisafisha kwa brashi ya waya, akapima mwanya wake kwa kipande cha wembe. Rejeta ilinyweshwa maji ya mvua yaliyochujwa kwa nguo, kwa sababu maji ya kisima huacha chumvi ndani. Bawaba za milango zilipakwa mafuta machafu ya injini, kamwe si mawese. Mwaka mmoja alijaribu mawese, wakaja siafu, na Tambwe akaendesha hadi msikitini akijipiga mapaja. Na kila liliporudi safari, gari lilipandishwa juu ya magogo ili magurudumu yasilemewe mahali pamoja wiki nzima.

Na wakati wote wa kazi Tambwe alikaa juu ya kigoda kando yake akizungumza. Usiku wa zamu ya Mwanahamisi mzee huyo alilala tu. Alhamisi, na uso wake umeelekea injini, alimweleza mambo ambayo mwanamume hamwambii mtu: jinsi alivyoogopa vidole vyake, jinsi alivyomwota mama yake amekasirika. Mwanahamisi alijibu kwa kuomba spana, na mazungumzo yakaendelea.

Ijumaa, baada ya swala, Tambwe aliwachukua wake zake kwenda kusalimia ndugu upande wa Mikelenge. Safi alikaa mbele. Siku ya arusi yake aliwekwa mbele, na tangu siku ile hakuna aliyemwondoa. Mwanahamisi alikaa nyuma pamoja na vikapu, akitazama shingo ya mwenzake toka nyumbani hadi ugenini. Siku moja, baada ya kusikia watu wa sokoni wakimwita Safi mwenye gari, uvumilivu ukamwisha. Akamwambia mumewe kwamba hagawi sawa.

Neno hilo lilimchoma Tambwe. Alikuwa mtu wa kupima. Vitenge vya wake zake vilikatwa kwenye jora moja, usiku wao uligawanywa bila kosa, hata samaki aligawanywa mbele ya macho yao. Baada ya siku kadhaa akawaita wote wawili.

"Mama Bakari alisema kweli," akasema, akimwita Mwanahamisi kwa jina la mtoto wao. "Sasa kiti ya mbele iko kwa zamu, na kazi ya gari pia iko kwa zamu. Mwenye kufanya kazi Alhamisi, mwenzake njo atakaa mbele Ijumaa. Mama Bakari, umufundishe Safi."

Akatabasamu, mzee wa watu, akidhani amewafurahisha wote. Mwanahamisi angesema nini? Kwamba hataki kupunguziwa masizi na grisi? Mwanamke gani hulia kwa sababu amepewa nusu ya uchafu? Akaitikia.

Alimfundisha Safi, na alimfundisha vizuri. Alimwonyesha betri, buji, rejeta, bawaba na magogo. Jambo moja tu hakulionyesha. Chini ya pampu ya petroli kulikuwa na kikombe kidogo cha kioo. Petroli ya Kindu, au esanse kama walivyoiita, wakati huo ilikuja kwenye mapipa, kwa mashua za mtoni zilizopita Lokandu, na katika kila pipa mto uliweka maji yake. Maji hayo yalishuka na kutulia katika kile kikombe. Usipokifungua na kukimwaga kila wiki, maji yatapanda hadi kwenye injini. Mwanahamisi alijiambia amesahau. Hakusahau.

Alhamisi ile ya sombe ikapita, Ijumaa ikafika. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akapanda mbele, akafunga mlango kwa kishindo ili majirani wasikie. Safi akaingia nyuma na vikapu. Walipotoka kwenye avenyu, barabara ya mtaa wao, Mwanahamisi alinyoosha shingo. Baada ya muda mfupi akagundua kwamba springi ya kiti inamchoma, kwamba jua lote liko usoni pake, na kwamba Tambwe akiendesha hasemi. Alimuuliza jambo, akajibiwa kwa mguno. Kumbe hiki ndicho alichokionea kijicho miaka yote hii.

Walikuwa mbele ya soko la Kasuku gari lilipokohoa. Likakohoa tena, likaruka kidogo, likanyamaza. Tambwe alijaribu kuliwasha hadi betri ikachoka. Wauza samaki wakasimama, na watu waliokuwa wakirudi kutoka mkutano wa chama, wamevaa abakosti zao, zile suti za chama zisizo na tai, wakasogea kutazama. Tambwe alishuka, akafungua kapo, akachungulia. Vidole havikumfaa, lakini macho yalikuwa mazima. Akamwita Safi.

"Hii kikombe ya kioo," akamuuliza, "Mama Bakari alikuonyesha namna ya kuifungua?"

Safi alikitazama kikombe, kisha akamtazama Mwanahamisi aliyekuwa bado amekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi. Mwanahamisi alijikaza akisubiri kusemwa.

"Alinionyesha," Safi akasema. "Miye njo nilisahabu."

Tambwe akashusha pumzi. Akasema si kitu, kosa ni lake mwenyewe, gari si kitu cha kugawanya. Kuanzia wiki ijayo kazi itarudi kwa Mama Bakari, yote, na kiti kirudi kilipokuwa.

Basi Mwanahamisi alikuwa ameshinda. Alhamisi zake zilikuwa zimerudi zote, na hakuna aliyejua ila Safi. Mwanahamisi alingoja furaha ije, haikuja. Alishuka, akapita mbele ya watu, akamkaribia Safi hadi vilemba vyao vikakaribia kugusana.

"Juu ya nini ulisema bongo?" akamuuliza kwa sauti ya chini sababu ya uongo ule.

Safi alimjibu kama mtu anavyomjibu dada yake mkubwa. "Miye nitapata kukaa mbele hata nikizeeka, Yaya. Lakini weye, wakikunyanganya Alhamisi, utabakia na nini?"

Hakuna dharau iliyokuwamo, na hapo ndipo palipouma. Afadhali angemtukana. Afadhali angemvua nguo hapo sokoni, mbele ya wauza samaki na abakosti zote. Miaka yote alidhani anamtazama Safi kwa nyuma. Kumbe Safi naye alikuwa akimtazama, akaona mahali penyewe alipokuwa maskini, akamwachia Alhamisi zake. Mwanahamisi alitamani kumpiga. Alitamani pia kukaa chini palepale kwenye vumbi.

Badala yake akakunja mikono ya blauzi yake ya sikukuu.

"Baba Bakari," akasema, na safari hii hakupunguza sauti, "Safi hakusahabu. Miye sikumuonyesha."

Tambwe akafungua mdomo. Mwanahamisi alikuwa amekwisha kuinama. Alilegeza kile kiwaya kinachoshika kikombe, akakitoa polepole, petroli ikamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Akakiweka katika kiganja cha Safi.

"Shika. Usimwage kwanza. Angalia chini, maji njo ile inatetemeka. Iko nzito kuliko esanse, inakaa chini yake."

Safi alikiinua kuelekea jua. Akauliza ile nyekundu ni nini. Mwanahamisi akamwambia ni kutu ya mapipa, na kwamba ikizidi inabidi tangi lenyewe lioshwe, naye atamwonyesha. Tambwe akaingiza kichwa katikati yao, akaanza kusema mambo ya haki, na ya zamu, na ya uongo.

"Baba Bakari," Mwanahamisi akamwambia bila kugeuka, "uko unatuzibia mwangaza."

Tambwe akarudi nyuma. Akarudi tena kidogo, mpaka akajikuta amesimama katika mstari wa watazamaji, mikono yake iliyopinda ameificha nyuma. Mtu mmoja aliyevaa abakosti, ambaye alikuwa amefika sasa hivi, alimgusa bega.

"Citoyen," akamuuliza, akimwita mwananchi kwa Kifaransa cha chama, "hii gari njo ya nani?"

Tambwe, ambaye siku zote angejibu upesi kwamba ni yake, alitazama vile vilemba viwili vilivyoinama ndani ya injini, akasafisha koo, na yule mtu akabaki anamngoja ajibu.