Fomu za Wiki Nane

Nisidanganye: sikujitolea kwa upendo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokubali kuwa wasindikizaji wa wageni wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapewa chumba cha mtu mmoja bwenini, na mimi nilikuwa nimechoka kulala na wenzangu watatu, mmoja wao anakoroma kama mashine ya kusaga. Nikaandikisha jina. Nikapewa fulana ya kijani, kitabu cha fomu na wageni watano.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila Jumatano unakutana na wageni wako maktaba, unamuuliza kila mmoja masomo yanaendaje, afya vipi, nyumbani vipi. Unajaza fomu yake, unaichana na kuitumbukiza kwenye sanduku nje ya ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi. Wiki nane, basi.

Wanne kati ya wageni wangu, wavulana watatu na msichana, walikuwa wametoka sekondari juzi tu na waliitikia kila neno kwa kichwa. Wa tano tulimwita Fundi. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka kumi na tano kabla ya kuja kusomea uhandisi wa nguo. Ana mke, ana binti wa darasa la tano, na upara umeshaanza kuchungulia.

"Mambo?" nikamsalimia.

Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Kwenu wakubwa mnawasalimia hivyo?"

"Hapa mkubwa ni mimi, kaka. Mwaka wa tatu huu."

"Mdogo wangu, nina mtoto anayekaribia kimo chako. Utanielekeza nini? Choo kilipo?"

Wale wanne wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Nikamwambia kama ni mjuzi kiasi hicho ajisindikize mwenyewe, nikabeba mkoba wangu nikaondoka.

Alasiri ile ile nilikaa kitandani, kwenye chumba changu kipya, nikafanya walichokuwa wakifanya wasindikizaji wengi: nikapika fomu. Wageni watano, wiki nane, fomu arobaini. "Amefika. Yuko vizuri. Hana tatizo." Tarehe, sahihi, ukurasa unaofuata. Za Fundi niliziandika kwa hasira, kalamu nusura itoboe karatasi. Tangu siku hiyo kila Jumatano nilichana fomu tano, nikazitumbukiza sandukuni na kwenda zangu kula. Maktaba sikukanyaga tena.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi asubuhi, mlango wangu uligongwa nusura ung'oke. Alikuwa Fundi, amekonda, shati halijaona pasi.

"Wewe binti una roho ya namna gani?"

Vichwa vikachomoza vyumba vyote vya korido. Akanisukumia barua kifuani.

Mkewe alikuwa amelazwa tangu wiki ya tatu, upasuaji uliokwenda kombo, na yeye alikuwa anashinda wodini. Akakosa vipindi vitatu vya maabara, vyote vya Jumatano, na chuo humfuta anayekosa vitatu bila ruhusa. Alikuwa ameomba asamehewe. Ofisi ikamjibu kwamba fomu za msindikizaji wake zinaonyesha kila Jumatano alikuwa hapa chuoni, mzima wa afya, hana tatizo. Kwa hiyo mwongo ni yeye.

"Si una vyeti vya hospitali?" nikauliza.

"Vina jina la mke wangu! Havisemi mimi nilikuwa wapi. Wewe ndiye umesema."

"Ungenitafuta, ukanieleza!"

"Nikutafute wewe? Ulinifukuza siku ya kwanza!"

"Sikukufukuza, ulinidharau!"

"Ndiyo ukaamua kunimaliza?"

Nikamfungia mlango usoni. Nilimchukia mtu yule, sifichi. Nilichukia sauti yake, kimo chake, hata jinsi alivyokuwa na haki.

"Kikao cha kunifuta ni kesho saa nane," akasema nyuma ya mlango, safari hii taratibu. "Miaka kumi na tano nimengoja kuingia hapa."

Nikampigia simu dada yangu. Nikamweleza kwamba nikijisema, chumba kinaondoka na kamati ya nidhamu inanisubiri. Nikinyamaza, anaondoka yeye.

"Mtu hakupendi, na wewe humpendi," dada akasema. "Sasa kinachokuliza ni nini?"

"Silii."

"Haya, hulii. Pangusa makamasi basi, halafu usinitafute mimi nikwambie unyamaze."

Kesho yake saa nane nilikuwa mbele ya meza ndefu yenye jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mlezi wa Wanafunzi, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alikaa katikati, na wahadhiri wawili pembeni. Fundi alisimama upande wa dirisha. Nikaamkia, kisha nikasema yote kwa pumzi moja: fomu zile ni za uongo, sijakutana naye maktaba tangu siku ya kwanza.

"Binti," Mlezi akasema, "matroni ametuambia jana huyu bwana alikuja kukufokea mlangoni. Amekutisha?"

"Hapana, mama."

"Ameandika uongo mara sita," mhadhiri mmoja akadakia, "leo tumwamini kwa kuwa amefungua mdomo?"

Fundi akacheka, cheko lisilo na furaha. "Mnaona? Hata akisema kweli bado ananimaliza."

Maneno hayo yakaniuma kuliko tusi. Nikafungua mkoba, nikatoa kitabu cha fomu na kukiweka mezani, wazi kwenye wiki ya saba. Tarehe ya Jumatano ijayo. Amefika, yuko vizuri, hana tatizo. Nikafunua wiki ya nane. Yale yale, na sahihi yangu chini.

Mlezi akavua miwani, akaivaa tena. "Lakini Jumatano ijayo haijafika."

"Ndiyo, mama. Ila yeye ameshafika, na hana tatizo."

Hakuna aliyecheka. Wakanong'ona kidogo, kisha Mlezi akamgeukia Fundi. "Rudi darasani. Vipindi vya maabara utavirudia." Kwangu akawa mfupi zaidi: chumba nikiache wazi Jumapili, nidhamu wataniita. Fundi hakunishukuru. Ningependa kusema sikutarajia, lakini nilitarajia.

Mlezi alikuwa bado anafunua kitabu. "Na hawa wanne wengine? Nao umewapikia?"

"Ndiyo, mama."

"Wako wapi leo?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

Nikatazama jagi la maji. Fundi alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Akajibu bila kunitazama.

"Wavulana wapo. Msichana aliacha chuo, akarudi kwao wiki ya pili. Jumatano ile alishinda maktaba akimsubiri huyu. Alikuwa anataka kuondoka pale mapema, mimi ndiye niliyemwambia avumilie, msindikizaji atakuja."

Akatoka. Mlezi akafunua taratibu hadi fomu ya msichana, akanisogezea kitabu, lakini jina akaliziba kwa kiganja.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwomba aondoe mkono.