Dirisha la Chumba cha Nyuma

Moshi ulikuwa umeficha kila kitu isipokuwa mikono. Ilikuwa miwili, ya kizee, mishipa imesimama, imeng'ang'ania nondo za dirisha la chumba cha nyuma, na Fundi aliitambua hata kabla hajafika. Mikono ile ndiyo iliyoushika mkono wake zamani, darasa la kwanza, ikamwonyesha jinsi ya kuandika bila kuvunja ncha ya penseli. Nondo nazo alizitambua. Alizichomelea mwenyewe miaka mitatu iliyopita, kwa mkono uleule ambao sasa ulikuwa umebeba grenda ya kukatia chuma.

"Mwalimu, toa mikono!" alipaza sauti. "Nakata!"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Moto ulianzia kwenye waya nyuma ya friji, ukala pazia, ukapanda darini, ukaimaliza sebule kwa kufumba na kufumbua. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulipitia sebuleni. Mwalimu, ambaye alistaafu kitambo na kubaki peke yake na vitabu vyake, hakuwa na pa kutokea ila dirishani.

Wazima moto wa kujitolea wa mtaa ule walikuwa kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeishi kwa kazi hiyo. King'ora kikilia, kila mtu huacha alichoshika. Kiongozi wao, mwenye duka la dawa ambaye wote walimwita Mama Dawa, hufunga duka huku wateja wakimtolea macho. Kinyozi aliwahi kumwacha mtu na kichwa nusu, na mpaka leo mtu huyo hajamsamehe. Fundi naye huzima mashine yake ya kuchomelea, anavua aproni ya ngozi na kukimbilia kwenye banda la lori la maji, na mara nyingi huwa wa kwanza kufika. Alikuwa akiipenda kazi ile, tusifichane. Alipenda uzito wa kofia kichwani, na alipenda namna watoto walivyompisha njia.

Siku ile hakupenda kitu. Alikata ungio la kwanza, cheche zikamrukia usoni, akatambua kwamba hakuvaa miwani. Akakata la pili. Alikuwa mtu wa kujivunia maungio yake. "Kazi yangu haiachii," alizoea kuwaambia wateja akiwapigia nondo kwa nyundo ili wasikie wenyewe, na kweli haikuachia. Kila ungio lilikuwa limeshiba chuma hadi ndani, na kila moja lilimla sekunde ambazo Mwalimu hakuwa nazo. Kukohoa kulikotoka ndani kulipungua, kisha kukakoma. Mpaka nondo nne zinang'oka, dakika nne zilikuwa zimepita, na mikono haikuwa tena dirishani.

Akaingia kwa kichwa, akampapasa sakafuni, akampata. Walipomtoa nje alikuwa hai. Mwana mkubwa wa Mwalimu, mtu wa makamo aliyefika mbio kutoka kazini na kiatu kimoja kimefunguka, alimkumbatia Fundi mbele ya umati wote akalia bila haya. "Umenirudishia mama yangu," alisema. "Ndugu yangu, umenirudishia mama yangu." Fundi alisimama tu, mikono imening'inia.

Kikosi kile kilikuwa na desturi moja, na aliyeianzisha ni Mama Dawa. Baada ya kila moto, kabla hata ya kuosha mipira ya maji, walikaa kwenye mabenchi ndani ya banda, na kila mmoja alitaja kosa moja alilofanya. Hakuna aliyejibu wala kumtetea mwenzake. "Sifa mtapewa na majirani," alisema mama yule siku ya kwanza. "Humu ndani tunaleta makosa." Wengine walimwona mkali, lakini tangu waanze, hakuna mwenzao aliyeumia tena.

"Niliegesha lori karibu mno na ukuta," alisema dereva.

"Nilikanyaga mpira wa maji, tena mara mbili," alisema kinyozi. "Ya pili sikuwa na kisingizio."

Ikafika zamu ya Fundi. Ulimi ulikuwa mzito. Wenzake walidhani ni uchovu, na macho yao yote yalimtazama kwa upendo, jambo ambalo lilimmaliza kabisa.

"Nilisahau miwani," alisema.

Kosa lile lilikuwa la kweli, na alilitumia kulifunika jingine. Siku alipopeleka nondo zile, Mwalimu alisimama pale chumba cha nyuma akagusa fremu. "Fundi," alimwambia, "hili la nyuma niwekee kijilango. Bawaba mbili tu na komeo la ndani. Lolote likitokea, nipate pa kupita." Fundi akacheka. "Mwalimu wangu, kijilango cha kutokea wewe ni kijilango cha kuingilia mwizi!" Alilisema kwa madaha, na tangu siku hiyo akawa analirudia kwa kila mteja, maana lilichekesha na lilimaliza ubishi. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na wa aibu. Bawaba zilikuwa zimemwishia. Duka la vifaa lilikuwa limefungwa siku ile, na yeye alitaka kumaliza kazi aende zake.

Wiki iliyofuata alikuwa gumzo la mtaa. Watu walimsimamisha njiani kumpa mkono. Simulizi ilitiwa chumvi hadi nondo nne zikawa kumi, na grenda ikawa mikono mitupu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyefika karakana akitaka madirisha sita. "Nitengenezee kama la Mwalimu," alisema, amejaa bashasha. "Kama moto wenyewe umeshindwa kulifungua, mwizi ataliweza wapi?" Fundi alimwambia ana kazi nyingi. Hakuwa nazo. Bwana yule alipoondoka, alikaa juu ya mtungi wake wa gesi akatazama mikono yake, na roho ikamuuma.

Siku ya tano alijikaza akaenda hospitali. Mwalimu alikuwa ameegemea mito, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu. Ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha watoto sitini kwa neno moja! "Kaa. Usisimame kama mtu aliyeitwa ofisini."

Akakaa. Akaweka mfuko wa machungwa kitandani, akautoa, akauweka sakafuni. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini sasa hata moja hakuliona.

"Ulikata haraka," alisema Mwalimu. "Nilikuwa nahesabu. Mtu akiwa na hofu ni vizuri ahesabu."

"Mwalimu, ile siku uliponiomba kijilango..."

"Nakumbuka."

"Bawaba zilikuwa zimeniishia. Ndiyo sababu. Hayo ya mwizi yalikuwa maneno ya mdomoni tu."

Mwalimu alifumba macho. Machozi yalimtoka Fundi bila kumwomba ruhusa, akayafuta kwa kiganja kigumu kilichomkwaruza shavu.

"Wanangu hawajui kwamba nilikuomba," alisema Mwalimu hatimaye, "na sitawaambia. Una mke, una watoto, na watu wa mtaa huu wanalala wakijua upo. Mimi nimeyamaliza, mwanangu. Nenda kafanye kazi."

Alitoka pale amesamehewa, na msamaha ule ulimlemea kuliko matusi. Aliamua kurudi kwa miguu ili kichwa kipoe. Ndipo alipoanza kuyaona madirisha yake. Dirisha la nyumba ya kona, lenye nondo zilizopindwa kama miale ya jua: kazi yake. Lile la ghorofani, lenye maua manne ya chuma: lake. Kila mtaa aliokatiza, mkono wake ulikuwa umetangulia, na kila alipokaza macho kutafuta bawaba hakuiona. Alipofika kwa jirani yake, yule mama mwenye watoto pacha ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, alimkuta mmoja wa pacha amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, miguu imepenyezwa katikati ya nondo, anaining'iniza nje. "Fundi!" mtoto aliita kwa furaha. "Mimi niko jela!" Fundi alijaribu kucheka. Miguu ilikuwa imepita, lakini kichwa kisingepita kamwe.

Usiku ule alimweleza mkewe yote. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika nguo aliyokuwa akiikunja.

"Jumapili wanakupa cheti mbele ya watu wote," alisema. "Kwa hiyo wewe utasimama pale useme haya?"

"Sijui kama nitaweza."

"Baba watoto, ukisema, nani atakuletea kazi tena? Tutakula hicho cheti?" Alikunja nguo, akaikunjua, akaikunja upya. "Na Mwalimu mwenyewe ameshakwambia yameisha."

Fundi alimsaidia kukunja nguo zilizobaki. Lakini Jumapili asubuhi alikuta sare yake ya kikosi imepigwa pasi hadi kwenye kola, imetundikwa mlangoni, na mkewe ameshavaa, anamsubiri nje.

Mkutano wa mtaa ulifanyika alasiri katika ukumbi wa shule. Mama Dawa alionyesha watu jinsi ya kuzima mafuta yaliyowaka kwa mfuniko wa sufuria, kinyozi akaonyesha jinsi ya kutambaa chini ya moshi, watoto wakamcheka, naye akatambaa tena ili wacheke zaidi. Vifaa vya kikosi vilikuwa vimepangwa kwenye meza mbele ili watu wavishike: kofia, shoka, mipira, grenda. Mwana wa Mwalimu alikuwa safu ya kwanza, amevaa tai. Yeye ndiye aliyechaguliwa kukabidhi cheti.

Jina lake lilipoitwa, makofi yalitikisa bati. Fundi alipanda jukwaani. Alimwona mkewe akipiga makofi polepole, macho yamemkazia. Cheti kilikuwa kimenyooshwa tayari mbele yake.

"Subiri kidogo, ndugu yangu," alimwambia mwana wa Mwalimu, kisha akawageukia watu. "Humu kikosini tuna desturi. Kila mtu hutaja kosa lake baada ya moto. Siku ile mimi nilitaja kosa la miwani. Lilikuwa kosa, lakini silo." Akanyoosha kidole kwenye grenda mezani. "Dirisha nililolikata nililichomelea mwenyewe. Halikuwa na pa kufungukia. Dakika nne nilizotumia kulikata, Mwalimu alikuwa akivuta moshi. Kama lingekuwa na kijilango, angetoka mwenyewe kabla lori halijawasha injini."

Mahali fulani nyuma kiti kililia.

"Mama aliwahi kukuomba hicho kijilango?" aliuliza mwana wa Mwalimu. Aliuliza taratibu, karibu kwa kunong'ona, na cheti bado kilikuwa mkononi mwake.

Hapa Fundi angeweza kukwepa. Mwalimu alishamfungulia njia, na hapakuwa na shahidi mwingine duniani.

"Aliniomba. Nikamcheka."

Mwana wa Mwalimu akateremka jukwaani, akaweka cheti mezani, kifudifudi. Minong'ono ikaanza huku na huku, watu wakageukiana. Fundi alibaki peke yake pale juu. Alitarajia matusi, na alikuwa tayari kuyapokea. Alichosikia ni sauti ya Mama Pacha, aliyekuwa amesimama katikati ya ukumbi na khanga yake ameishika kifuani.

"Fundi. Na langu?"

"Lako pia, Mama Pacha."

"La chumba cha watoto?"

"Hilo hasa. Yote niliyowahi kutengeneza, hakuna lenye kijilango." Aligeuka huku na huku, akijaribu kuwatazama wote. "Nitapita nyumba kwa nyumba. Kwako nitakuja kesho asubuhi, mapema kabisa."

"Wanangu wamelala humo sasa hivi na bibi yao," alisema Mama Pacha. "Kesho ni mbali."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku tayari ametoka kwenye safu yake, anapenya katikati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni. Fundi alishuka, akachukua grenda pale mezani, akaviringisha waya wake mkononi. Alipofika kwenye banda la lori, nyuma ya shule, Mama Dawa alikuwa ameshafungua stoo. Mtaa wa Mama Pacha haukuwa na umeme tangu asubuhi, kwa hiyo ilibidi jenereta liende, na jenereta lile halibebwi na mtu mmoja. Fundi aliinama akashika mshikio wa upande wake, akangoja mwenzake yeyote wa kikosi aje ashike wa pili.

Aliyekuja alikuwa amevaa tai. Hakumtazama Fundi usoni. Aliitupia tai begani, akainama, akashika.

"Moja, mbili," alisema Fundi, na sauti ikamkatikia.

"Tatu," alisema mwana wa Mwalimu, na wakanyanyua.