Pua ya Karakana

Watu walimwita Pua, wala si kwa ukubwa wa pua yake, ingawa haikuwa haba. Mfumbe macho, mpe kipande cha mti, atakwambia ni mti gani na umekaa juani miaka mingapi. Ndiyo maana mdogo wake aliponunua mashine ya kukata bodi, ile inayoongozwa na kompyuta, aliweka sheria moja karakanani: bodi ikikamilika, Pua anuse mfuko ambamo feni hupeleka vumbi la mbao. Akisema "safi," kazi inaendelea. Akikunja uso, feni inazimwa, mfuko unaburutwa hadi uani, vumbi linamwagwa na kulowekwa maji.

Maana moto wa mashine ile hauji na makelele. Kisu kikiwa butu, au kikizungukia pahali pamoja bila kusonga mbele, hakikati tena, kinasugua. Kaa la moto, dogo kama punje ya mtama, huvutwa bombani, likaenda kujilalia mfukoni katika unga wa mbao. Hapo hula polepole, na wewe umekaa zako unapiga soga.

Miaka tisa sheria ile iliwalinda. Mdogo wake akafariki, mashine ikabaki mikononi mwa bintiye, na Pua akabaki na mfuko wake.

Kumbe pua yenyewe ilikuwa imekufa. Alipopona homa moja mbaya alifungua sanduku la nguo za marehemu mkewe, akazika uso katika gauni lililomtunzia harufu yake miaka minne, akawa kama aliyezika uso ukutani. Akalikunja, akafunga sanduku, akanyamaza. Angesema nini? Mikono ilishaanza kutetemeka, macho yalishamkimbia. Kilichomweka karakanani ni pua. Basi kwa miezi miwili akawa anainama, anapapasa mfuko kwa kiganja kuona kama una joto, anasema "safi." Na Mungu alimsitiri.

Siku hiyo walikuwa wanakata viduara vya kukalia vya vigoda. Karibu na adhuhuri sauti ya mashine ikabadilika, ikawa kama mtu anayelia kwa kubana meno. Binti akaizima.

"Umeisikia hiyo, Baba Mkubwa?"

"Nimezeeka, sijawa kiziwi."

Kiduara kimoja kilikuwa kimebanduka kabla ya wakati wake, kikazunguka pamoja na kisu. Ukingo wake ulikuwa mweusi kama tako la sufuria.

"Hebu nusa mfuko. Mimi mafua yamenibana, leo sisikii hata harufu ya sabuni."

Angeweza kujibu, "Hata mimi." Maneno mawili tu. Akainama, akaweka kiganja. Mfuko ulikuwa baridi.

"Safi."

"Kweli?"

"Unamfundisha bata kuogelea?"

Binti akacheka, akapiga chafya, akabadilisha kisu. Wakamaliza bodi, wakaenda kula nyumbani kwake, ukuta wa pili na karakana. Sahani hazijaondolewa, moshi ukapita dirishani.

Binti alitangulia kukimbia. Akaukamata mfuko, akauburuta kuelekea uani, na ulipokutana na upepo wa mlangoni ukalipuka. Majirani walikuja na ndoo. Lilipona paa nusu, ikapona mashine. Mkono wa kulia wa binti haukupona vile. Vidole viwili daktari alisema havitakunjika tena.

Jioni ya tatu Pua alimpelekea uji hospitali, akawa anamnywesha kijiko kwa kijiko.

"Kosa langu," binti alisema. "Kile kisu nilijua kimechoka, nikasema kimalize bodi hii tu. Baba angeniona... Mashine waichukue wengine, Baba Mkubwa. Mtu anayekata na kisu butu hafai kuishika."

"Kunywa kwanza."

"Uliponiambia safi nikashusha pumzi. Kumbe uzembe wangu umeipita hata pua yako."

Kijiko kikasimama njiani. Pua akakirudisha bakulini.

"Haikuipita pua yangu," alisema. "Pua sina, mwanangu. Tangu ile homa sisikii kitu."

Binti akajiinua kitandani.

"Hata siku ile?"

"Siku ile, na zote za nyuma yake."

"Ungeniambia. Ningekuwa namwaga mfuko kila bodi, basi. Kazi ya dakika tano."

"Na mimi ningekuwa nafanya nini pale?"

"Ungekaa tu. Nilikuwa nataka ukae tu."

Akageukia ukuta. Baadaye kidogo akasema, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo, kwamba uji wa kesho ataomba jirani amletee.

Mwezi uliofuata Pua aliisikia mashine akiwa barabarani. Akasogea mpaka getini. Ikanyamaza, binti akatoka akiuburuta mfuko kwa mkono wa kushoto, akaumwaga uani, akalowesha vumbi, akalikoroga kwa mti, akalowesha tena. Alipoinua uso akamwona.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Alingoja neno la pili, lile la kumkaribisha. Binti akaukung'uta mfuko, akaingia nao ndani, na punde mashine ikaanza bodi nyingine.