Masharubu ya Baba Mkwe

Binti wa kwanza wa mama mmoja kinyozi alizaliwa na mdomo wa sungura. Ukashonwa, ukapona, na sasa mtoto anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha. Kosa la mama yake ni kushika mimba tena.

Mama mkwe alimpeleka kliniki mwenyewe, akakalia kiti cha mgonjwa. Daktari akauliza kama kwenye ukoo yupo mwingine aliyezaliwa hivyo.

"Kwetu hakuna," mama mkwe akadakia, swali halijafika mwisho.

Basi, daktari akasema, wazazi wa namna yenu wakiwa mia, kama wanne hivi ndio humpata wa pili mwenye mdomo huo. Angekuwepo ndugu mwingine, hesabu ingepanda. Mama mkwe akatoka na wanne wake, na kufikia jioni mtaa mzima ulishajua kwamba mkwewe atazaa wanne, wote midomo imepasuka. Wifi mtu naye, asiye na dogo, akaitisha kikao Jumamosi na kumtafutia kaka yake mchumba wa akiba. Mume alipoulizwa alisema tuwasikilize wakubwa. Mwanaume mzima!

Kinyozi alikosa raha. Kuhusu mdomo alishajipa moyo, maana hushonwa. Alichoogopa ni kurudishwa kwao, binti yake abaki huku akiambiwa yeye ndiye mkosi.

Jumamosi asubuhi baba mkwe aliingia saluni. Masharubu yake mazito huwa anayapunguza mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa.

"Nyuma kidogo kama kawaida, baba?"

"Masharubu. Yote."

Alidhani mzee anatania. Akapaka povu, akapitisha wembe, na chini yake ukatokea mshono, uleule wa binti yake, ila huu aliushona mtu mwenye haraka.

"Mama anajua?"

"Ndiye aliyeniambia niyafuge, wiki ya posa. Wazee wake wasione."

Hasira zikampanda kinyozi, akaweka wembe chini. "Miaka yote hii, baba, umeniacha nisemwe."

"Nimekuacha. Nilikuwa mwoga," mzee akasema. "Malizia upande huu, mwanangu."

Akamalizia, machozi yakimtoka. Hesabu ya daktari itapanda, alilijua hilo, na hofu yake kwa mtoto itapanda nayo. Hata hivyo alifunga saluni akijisikia mwepesi.

Walikuta kikao kimepamba moto, mama mkwe kasimama katikati ya sebule. "Nasema kwetu hakuna, tangu babu wa babu..."

Akamwona mumewe. Mzee alipita mbele ya wote, akakaa kwenye kochi, akampakata mjukuu wake. Mtoto akamgusa juu ya mdomo, kisha akajigusa mwenyewe. Wifi mtu akaanza kuchunguza kucha zake.

"Endelea, mama watoto," mzee akasema. "Ulikuwa umefika wapi?"