Kabla Jua Halijapinduka

Ijumaa ile Bibi Sayyida aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu alipovunjika nyonga. Aliingia na fimbo yake, akavuta kiti, akaketi mbele ya jiko kama kadhi, akaanza kutoa amri. Nazi ikunwe, isitiwe ya kopo. Boga likatwe makubwa, lisije likawa uji. Mjukuu wake Safwan, kijana wa miaka ishirini na sita, afisa wa wizara aliyezoea watu kumsubiri mlangoni na karatasi zao, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, kanzu ameikunja mpaka magotini.

"Bibi, tui la kopo limejaa madukani."

"La kopo mpikie mkeo ukioa. Hii sadaka ya maiti. Kuna, wee!"

Maiti alikuwa mama yake Soma. Soma mwenyewe alitoka Sri Lanka akaingia kazi katika nyumba hii ya Khuwair ya Kusini, Muscat, miaka ishirini na saba nyuma, Safwan hajazaliwa. Kiswahili alijifunzia hapo hapo, mdomoni mwa Bibi, na sasa kilimkaa vizuri kuliko wajukuu wenyewe, ambao walianza sentensi kwa Kiswahili wakaimalizia kwa Kiarabu. Safwan alijifunza kutembea akiwa ameshika kidole chake.

Miezi mitatu iliyopita simu ililia alfajiri: mama yake Soma amefariki kijijini. Tiketi ikakatwa. Asubuhi ile ile Bibi Sayyida akateleza hamamuni, nyonga ikavunjika, na kule hospitali akamshika Soma mkono asimwachie. "Usinende, Soma. Usiniwache na wageni hawa." Soma hakwenda. Mama yake alizikwa na majirani, naye akayatazama mazishi kwenye simu, amesimama ukumbini hospitali, mkono wa pili umeshika bakuli la supu ya Bibi.

Hakulalamika. Ila alisema jambo moja, nalo alilisema mara moja tu. Kwao, maiti akitimiza miezi mitatu, watoto wake humpa mtawa wa Kibudha chakula, na thawabu ya chakula kile hupelekewa aliyekufa.

"Mazishi nimeyakosa, Bi. Sayyida," alisema. "Hii nikiikosa, mama atajua hana mtoto."

Basi ikasadifu miezi mitatu ikatimia siku ya sikukuu yao, siku ya kumvika mtawa vazi jipya baada ya msimu wa mvua. Katika hekalu la kijijini kwa kina Soma, siku hiyo kijiji kizima huvaa nyeupe kikaandamana na ngoma. Wale walioko Muscat, wasioweza kwenda makwao, walikutana Azaiba, katika ua wa nyumba ya mkandarasi mmoja wa kwao. Mtawa mmoja mzee alikuwa amekuja kwa siku mbili tu.

Bibi aliposikia, alipiga fimbo chini. "Chakula hicho n'tapika mimi. Mimi ndiye niliyemzuia."

Soma aliondoka mapema na wanawake wenziwe kwenda kufagia ua na kutandika mikeka. Mlangoni alimgeukia Safwan. "Chakula kifike saa tano, baba. Kabla jua halijapinduka."

"Inshallah, Da Soma," alijibu Safwan, macho kwenye simu.

Saa tano ilifika, wali unapaliwa makaa juu ya kifuniko. Harufu ya nazi na bizari ilijaa nyumba nzima. Safwan alioga, akavaa kanzu safi, akajifukiza udi.

"Sasa wewe nenda kaswali," alisema Bibi. "Ukirudi tutakwenda."

"Da Soma kasema saa tano."

"Saa tano ndiyo watu wanakusanyika. Umepata kuona wapi sadaka ya maiti ikaliwa kabla ya sala? Tuwapelekee watu chakula saa tano, waseme tumekuja kufukuza njaa?"

Safwan hakubisha. Naye alilijua hilo tangu utotoni. Watu husoma hitima, wakaswali, ndipo sinia zikateremshwa. Tena chakula cha wafiwa hungojwa. Nani angethubutu kutia tonge mdomoni kabla ya sufuria ya mama yake Soma? Aliona hata fahari kidogo, kwamba watafika wao wa mwisho, na watu wote watanyanyuka kuwapokea.

Saa tano na nusu, simu ikalia.

"Baba, mmefika wapi?" Nyuma ya sauti ya Soma palikuwa na sauti za watu wanaosoma kwa pamoja, taratibu.

"Tuko nyumbani. Tunakuja baada ya sala, usiwe na wasiwasi."

Soma akasema, polepole, kama anayemsomesha mtoto, "Jua likishapinduka, mtawa hali. Hata punje. Mpaka kesho alfajiri."

"Sasa mbona hukutwambia?"

"Safwan. Miaka ishirini na saba mnaniona."

Damu ikampanda Safwan usoni. Kila mwezi mpevu Soma huvaa nyeupe, na chakula chake cha mchana hubaki kimefunikwa mezani. Kila mwezi. Watoto wa nyumba walisema, "Da Soma yuko daieti." Bibi alisema ana tumbo baridi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza. Na yeye, aliyekula sahani zile zilizofunikwa zaidi ya mara mia, alikuwa wa kwanza kutouliza.

"Bibi! Inuka! Yallah!"

"Kuna nini? Nani kafa tena?"

"Adhana ikilia, chakula hiki si chochote!"

Alikung'uta makaa, akainyanyua sufuria ya wali kwa masikio yake mawili, imoto, akaitia garini miguuni pa kiti cha mbele, na ya mchuzi nyuma, akarudi akambeba bibi yake mzimamzima, fimbo ikibaki imelala sebuleni. Njiani alimweleza. Bibi alikanyaga kifuniko kwa mguu wake mzima kisije kikafunguka, midomo yake ikicheza dua. Barabara ya Azaiba ilijaa magari ya watu waendao msikitini, na Safwan, ambaye siku zote aliwatukana madereva kwa lugha mbili, leo hakuwa na pumzi ya tusi hata moja.

Aliegesha akizuia geti la jirani. Akamweka Bibi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, akairudia sufuria mbio. Ua ulikuwa umejaa watu waliovaa nyeupe, wapishi na madereva na mafundi na mayaya, wamekaa mikekani, viganja vimekutana kifuani. Mbele, juu ya jukwaa lililotandikwa shuka, mtawa mzee alikaa na bakuli lake mapajani. Alikuwa amekwisha kula vya wengine, lakini bakuli lilikuwa wazi bado. Kando yake Soma alipiga magoti, mikono mitupu, shingo imegeukia getini.

Safwan alivua viatu kwa kukanyagana. Akapita kati ya mikeka, sufuria ikimwunguza viganja. Hatua kumi. Hatua nane.

Msikiti wa mtaa wa pili ukapaza adhana.

Mtawa akasikiliza. Alitazama kivuli cha mwarobaini kilivyojikusanya chini ya shina, akamtazama Soma kwa muda, kisha akalifunika bakuli lake.

"Ngoja!" alisema Safwan kwa Kiarabu. Ua mzima ukageuka. "Tumeshafika! Dakika mbili tu! Mama huyu amengoja miezi mitatu, nyinyi hamwezi kungoja dakika mbili?"

Mzee mmoja wa kamati alisimama, akanyoosha mikono kumtuliza. Safwan akazidi kuwaka. Aliitua sufuria chini kwa kishindo. "Dini gani hii inayohesabu dakika kwa mtu aliyefiwa?"

"Safwan."

Soma alikuwa amesimama. Hakupaza sauti, wala haikuhitajika.

"Ulikuwa na miaka saba," alisema. "Ramadhani yako ya kwanza, mwezi wa joto lile. Umeiba gilasi ya maji, umejificha nyuma ya mlango wa jikoni. Imebaki dakika mbili magharibi iingie. Nani aliyekushika mkono?"

Safwan alikumbuka kila kitu: gilasi iliyotoka jasho, mkono mweusi uliofunika mdomo wake, na yeye analia na kumpiga mateke. Alikumbuka alivyomwita, neno alilolisikia kwa watoto wakubwa. "Wewe kafiri, utajua nini!" Na mkono haukuondoka.

"Ulinambia dakika mbili tu," alisema Soma. "Nikakushikilia mpaka adhana. Saumu si yangu, baba, lakini sikukuachia uivunje. Sasa ya kwangu unataka nimvunjishe mzee huyu?"

Adhana ilimalizika. Safwan aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu atie kofia ya utu uzima hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Nisamehe, Da Soma."

Mtawa alisema kitu kwa lugha yao, maneno machache. Soma akayasikiliza hadi mwisho, kisha akayatia kwenye Kiswahili. "Anasema bakuli lake ndilo limefungwa. Matumbo ya watu hayajafungwa. Chakula wale hawa walioshinda kazini wiki nzima, na thawabu iwe ya mama. Anasema mtoaji hakuchelewa moyoni."

"Na wewe unasema nini?"

Soma alifuta uso kwa ncha ya shuka yake nyeupe. "Mimi nilitaka kiingie bakulini," alisema. "Lakini mama alikuwa mpishi wa shule. Yeye angefurahi zaidi hivi." Kisha akamsukuma bega. "Nenda kaswali. Khutba inaanza."

Safwan aliswali na viganja vinavyowaka. Hakuisikia vizuri khutba. Aliporudi alitaraji kuikuta sufuria tupu na watu wanalamba vidole, na moyoni akaona ni haki yake.

Sufuria ilikuwa pale pale alipoitua. Kifuniko hakijaguswa, na juu yake yamebaki majivu ya makaa. Watu wote walikaa mbele ya sahani zao kavu.

"Mbona hamjala?" aliuliza.

Alijibiwa na Bibi Sayyida, aliyekwisha kuhamishwa kutoka kitini akakalishwa mkekani, mguu mbovu umenyooshwa juu ya mto, katikati ya wanawake waliovaa nyeupe. "Soma kawakataza. Kawambia watu wa Khuwair hawali sadaka kabla ya sala. N'nawaambia kuleni, wananichekea tu."

Hapo ndipo Safwan alipoutoa mchuzi garini, akakunja mikono ya kanzu. Hakumwachia mtu upawa. Alipakua sahani moja moja, wali na mchuzi wa boga, akainama mbele ya kila mtu na kumpa kwa mikono miwili: fundi bomba, dereva wa lori, msichana wa saluni, mzee wa kamati aliyejaribu kumtuliza. Huyu wa mwisho aliionja, akamwuliza kwa Kiarabu cha kazini nani aliyepika. "Bibi yangu," alisema Safwan, akamwongezea mchuzi.

Baada ya kula walileta birika la shaba, na kikombe kilichotuliwa ndani ya sahani. Soma akapiga magoti mbele ya mtawa. Kwao, ndugu wa maiti wote hulishika birika pamoja wakamimina maji kikombeni huku mtawa anasoma, mpaka maji yafurike sahanini. Namna hiyo thawabu humfurikia aliyekufa. Ndugu wa Soma walikuwa mbali. Alilishika peke yake, na birika lilijaa maji, na mkono wake ukaanza kutetemeka.

Bibi Sayyida alimtazama. Kumimina hakuwezi, dini yake haimruhusu, na hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Lakini alijikokota juu ya mkeka, nyonga ikimuuma mpaka akafumba macho, akafika nyuma ya Soma, akamshika kiwiko kwa chini, kama mtu anavyomsaidia mwenziwe aliyebeba mtoto. Mkono ukatulia. Maji yakashuka uzi mmoja mwembamba. Kikombe kikajaa, kikavimba mdomoni, kikafurika.

Mtawa aliponyamaza, Bibi hakuuondoa mkono.

"Nilikuzuia kumzika mama yako," alisema, kwa sauti ya chini iliyowafikia Soma na Safwan tu. "Na leo tena nimekuchelewesha, kwa kiburi changu cha kujua. Mwaka wake ukitimia utakuwa kwenu, hekaluni kwenu, na chakula kitaingia bakulini mapema. Hata mimi nikivunjika nyonga ya pili, nivunjike."

"Usivunjike, Bi. Sayyida. Nani atanikunia nazi?"

"Huyu hapa," alisema Bibi, akamnyooshea Safwan kidevu. "Siku za kula sahani za watu, hakukosa nguvu."

Safwan aliichukua sahani ya maji yaliyofurika. Alionyeshwa: humwagwa penye mti, yasikanyagwe. Akaibeba kwa viganja vyake vilivyovimba, hatua kwa hatua, watu wakimpisha. Kivuli cha mwarobaini kilikuwa kimeshaanza kurefuka upande wa mashariki. Akainama, akayamwaga shinani, akabaki amechutama pale mpaka ardhi ikayanywa yote.